Nasaba ya Picha

Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na wazee wa Mpala, jimbo la Tanganyika

 Tuko hapa Lubanda, kwa jina mlilokuwa nalo kabla ramani hazijaandika Mpala.

Nitaanza na mwaka mmoja. Tarehe 4 Mei 1883 ofisa wa Kibelgiji, Émile Storms, alianza kazi ya kujenga boma kwenye ufuko huu, karibu na mahali mto Lufuko unapoingia ziwani. Alitumwa na shirika la Mfalme Leopold. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule, huko Brussels, wasanii vijana waliochoshwa na maonyesho rasmi ya mji wao waliunda chama wakakiita Les XX, maana yake Ishirini. Mmoja wao alikuwa Théo van Rysselberghe, mzaliwa wa Gent, kijana wa miaka 20.

Sijasoma popote kwamba watu hawa wawili waliwahi kukutana. Nawaweka pamoja kwa sababu kila mmoja aliacha nyuma yake vitu ambavyo wataalamu wamevihesabu, wamevipima na kuvipa namba. Van Rysselberghe aliacha picha alizozipaka mwenyewe. Storms aliacha vitu alivyovichukua kwenu. Nikilinganisha orodha ya kwanza na ya pili, naona tofauti inayoniuma, na ndiyo iliyonileta hapa. Lakini kwanza tuiangalie kazi yenyewe ya kuorodhesha, kwa maana wengi huidhani ni kazi ya karani tu.

Mwaka 2003 Ronald Feltkamp alitoa kitabu kikubwa cha kazi zote za van Rysselberghe zilizojulikana. Vitabu vya namna hiyo vipo kwa wachoraji wengi wa Ulaya: Seurat alipata chake mwaka 1961, Signac mwaka 2000. Ndani yake kila picha ina shamba lake dogo. Utakuta jina la picha, mwaka, upana na urefu, imepakwa kwa rangi gani na juu ya kitu gani, sahihi iko kona ipi, nyuma kuna maandishi gani. Kisha inafuata sehemu ninayoipenda kuliko zote: ilitoka mkononi mwa mchoraji ikaenda kwa nani, huyo akamwachia nani, ikauzwa lini, ikaonyeshwa mji gani. Wenye kazi hiyo wana neno lao la Kifaransa. Mimi nimezoea kusema nasaba ya picha, kwa sababu kila Mtabwa, Mluba au Mholoholo anajua nasaba ni kitu gani. Mtu akija nyumbani kwako akidai yeye ni ndugu, humtazami pua peke yake. Unamuuliza mama yake alizaliwa na nani.

Van Rysselberghe, Seurat na Signac walipaka kwa namna ambayo wavuvi hawatahitaji maelezo marefu kuielewa. Ndagala wakianikwa mchangani, ukiwa karibu unaona kila mmoja na jicho lake. Ukipanda kilimani ukatazama chini, samaki hawapo tena, unaona shuka moja la fedha. Georges Seurat alijenga sanaa yake juu ya jambo hilo. Alikuwa amesoma maandishi ya mwanakemia Chevreul, ambaye mwaka 1839 alieleza jinsi rangi mbili zikikaa jirani zinavyobadilishana nguvu. Badala ya kukoroga rangi mbili ubaoni ili apate ya tatu, Seurat aliziweka kando kwa kando, nukta kwa nukta, akaliachia jicho la mtazamaji kazi ya kuzichanganya. Picha yake kubwa ya watu waliopumzika kisiwani Grande Jatte, yenye upana wa kama mita 3, ilionyeshwa Paris mwaka 1886. Mwandishi Félix Fénéon ndiye aliyewapa Seurat na wenzake jina la impreshonisti mamboleo. Februari 1887 picha hiyo ilipelekwa Brussels katika maonyesho ya Les XX, na baada ya hapo Wabelgiji kadhaa wakaanza kupaka nukta, van Rysselberghe akiwa hodari wao.

Sasa fikirini kazi ya kutambua mkono wa mtu katika picha ya namna hiyo. Wapo waliodhani nukta hazina mkono, kwamba ni kama muhuri, yeyote anaweza kuugonga. Sivyo. Nukta zina ukubwa, zina mwelekeo, zina haraka au utulivu. Kwa van Rysselberghe nukta za uso wa mtu ni ndogo na hufuata mviringo wa shavu, wakati kwenye gauni hurefuka. Kadiri miaka ilivyopita zikawa mistari mifupi ya brashi, na baada ya mwaka 1910 hivi alikuwa amekwisha kuziacha. Kwa hiyo mtu akileta picha ya nukta ndogondogo yenye sahihi yake na mwaka 1922, mtaalamu hushtuka kabla ya kutazama chochote kingine. Kujua mtu alianza lini jambo na aliliacha lini ni nusu ya kazi.

Rangi nazo husema. Katika ile picha ya Grande Jatte, Seurat alitumia manjano ya zinki iliyogeuka kuwa kahawia kwa muda mfupi, hata rafiki zake wakaligundua badiliko hilo katika miaka ya mwanzo. Nyasi zilizokuwa na mwanga wa jua leo zina madoa ya ugoro. Anayemwiga Seurat siku hizi anaiga madoa hayo, maana ndiyo anayoyaona, na hajui kwamba Seurat hakuyapaka. Nyeupe ya titani haikuwamo katika rangi za wasanii kabla ya vita vya 1914. Hiyo ndiyo iliyomnasa Wolfgang Beltracchi, Mjerumani aliyeghushi picha kwa miaka mingi. Moja ya picha zake, iliyodaiwa kuwa ya Heinrich Campendonk ya mwaka 1914, iliuzwa Köln mwaka 2006 kwa zaidi ya euro milioni 2. Maabara ilikuta ndani yake nyeupe ya titani. Mwaka 2011 alihukumiwa kifungo cha miaka 6.

Lakini kilichonifundisha zaidi katika kesi ile ni picha ya kamera. Ili kuwapa wanunuzi nasaba, Beltracchi alimvalisha mke wake nguo za zamani, akamkalisha mbele ya kazi za kughushi zilizotundikwa ukutani, akampiga picha nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya kizamani. Mke akaonekana kama bibi yake mwenyewe, akiwa nyumbani na mkusanyo wake. Yaani alighushi picha, kisha akaghushi na ukoo wa picha. Likumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Turudi kwetu. Mwaka 1946, huko Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar. Hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya za kunakili. Aliwaambia watazame nje, watazame na ndani yao. Alipofariki mwaka 1954 karakana iliungana na shule ya sanaa ambayo Laurent Moonens alikuwa ameifungua mwaka 1951. Kutoka Hangar walitoka Bela Sara, Mwenze Kibwanga na Pilipili Mulongoy, na mwaka 2015 kazi zao zilitundikwa Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo.

Nawaomba wanafunzi mwangalie vizuri nakala nilizozibandika ukutani. Bela, aliyetoka Chad akiwa mtumishi wa Romain-Desfossés, alipaka kwa ncha za vidole. Kila jani, kila manyoya ya ndege, ni alama ya kidole kilichochovywa rangi. Mwenze alijaza picha nzima kwa mistari mifupi iliyolala pamoja kama ukindu uliosukwa. Pilipili alichora samaki, nyoka, mamba, ndege wanaolisha makinda, na nyuma yao akatandaza nukta na vijistari visivyo na idadi, maji yakawa yanatetemeka. Sisemi waliiga Seurat. Hakuna haja ya kulisema hilo, na nachukizwa na wale wanaotafuta baba wa Kizungu kwa kila kitu kizuri kilichozaliwa hapa. Nasema tu kwamba swali la nukta limewafikia watu wa Katanga kwa njia yao wenyewe, na walilijibu kwa vidole.

Hapo ndipo taabu ya kuthibitisha inapoanza. Kazi hizi ziliuzwa kwa Wazungu wa migodini na wa serikali, wakaondoka nazo mwaka 1960 na baadaye. Nyingi hazina tarehe. Pilipili aliishi hadi mwaka 2007, na katika umri ule mrefu mtindo wake ulipendwa na kunakiliwa na vijana waliotaka mkate. Wengine walikuwa wanafunzi wa shule ileile, mikono iliyofunzwa vizuri. Mwiga aliyesoma darasa moja na mwigwa ni mgumu kumtambua kuliko tapeli wa mbali. Ndugu zetu wa Tanzania wanalijua hilo vizuri. Edward Saidi Tingatinga alipaka kwa kama miaka 4 tu, tangu 1968 hadi alipouawa kwa risasi mwaka 1972, lakini jina lake limeandikwa kwenye mbao nyingi kuliko ambazo mtu mmoja angeweza kuzipaka katika miaka 4.

Sasa niwasimulie kilichonipata Kalemie. Mama mmoja, binti wa marehemu mfanyakazi wa reli, aliniletea kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Kufungua, nikakuta picha: samaki wawili na ndege mwenye miguu mirefu katikati ya matete, maji yote yamejaa nukta za samawati na nyeupe. Kona ya chini kulia imeandikwa Pilipili. Mnunuzi alikwisha kumpa bei. Mama akaniuliza swali moja: “Mwalimu, ni ya kweli?”

Niliitazama mbele dakika tano, nikaitazama nyuma saa nzima. Fremu ilikuwa na lebo ya fundi iliyochanika nusu, ikasomeka Élisabethville. Moyo wangu uliruka. Sisi Wakongo tuna bahati moja katika msiba wa kubadilishiwa majina kila mara: mgongo wa picha unaweza kutuambia mwaka. Miji ilibadilishwa majina mwaka 1966, Élisabethville ikawa Lubumbashi, Albertville ikawa Kalemie. Nchi ikawa Zaire mwaka 1971, Katanga ikaitwa Shaba. Mwaka 1972 serikali ikaamuru watu waache majina ya Kizungu, nao wachoraji wakabadilisha sahihi. Mwaka 1997 Zaire ikafa. Hivyo lebo, muhuri wa posta, anwani iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, vyote ni kalenda kwa mwenye kuvisoma. Na mghushi asiyejua historia huanguka hapo. Nimewahi kuonyeshwa picha yenye tarehe 1958 na nyuma yake neno Lubumbashi kwa mkono na wino uleule.

Nikakumbuka taa ndogo ya zambarau wanayoitumia wabadilisha pesa kukagua dola. Niliazima moja sokoni. Karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 1950 hivi zina dawa ya kung’arisha, na chini ya taa ile huwaka kama shati jeupe kwenye dansi. Usiku nikazima taa ya nyumba. Karatasi ya picha haikuwaka. Karatasi iliyobandikwa nyuma ya fremu iliwaka. Maana yake picha na mgongo wake si vya siku moja. Taa hiyo haithibitishi kwamba mkono ni wa Pilipili. Inasema tu karatasi haijikatazi kuwa ya zamani, nami nawasihi msimwamini mtu anayeuza cheti kwa sababu ya kipimo kimoja.

Kisha nikamwambia mama anisimulie. Baba yake, alisema, alipewa picha na bwana wake wa kazi aliyekuwa akiondoka mwaka 1960, pamoja na meza na sahani. Nikamuuliza kama kuna mtu anayekumbuka. Akafikiri, akasema wote wamekufa. Akaongeza, kama jambo lisilo na uzito: “Labda ile foto ya ubatizo.”

Ilikuwa ndani ya Biblia. Foto ndogo nyeusi na nyeupe, mama mwenyewe akiwa mtoto mchanga mikononi mwa mama wa ubatizo, watu saba mbele ya ukuta. Na ukutani, juu ya kichwa cha mwanamume aliyesimama pembeni, samaki wawili na ndege. Nilihesabu matete kwa kioo cha kukuzia. Yale yale. Lakini ukutani picha haikuwa na fremu. Ilipigiliwa misumari minne, na kona zake mpaka leo zina matundu manne.

Basi lebo yangu ya Élisabethville, iliyonirusha moyo, haikuwa na maana. Fremu ile ilitoka kwenye kitu kingine, ikavishwa picha hii baadaye. Kitu nilichokiamini kilianguka, na kitu ambacho mama hakukithamini kikasimama. Nimewaeleza habari ya Beltracchi ili mjue kwamba foto nayo hughushiwa. Ila foto hii haikupigwa kwa ajili ya picha. Ilipigwa kwa ajili ya mtoto. Mpiga picha hakuijali ile picha ya samaki hata kidogo. Ushahidi wa namna hiyo, unaotolewa na mtu asiyejua kwamba anatoa ushahidi, mimi nauamini sana.

Katika daftari langu nimeandika: “Inasemekana ni ya Pilipili Mulongoy, kabla ya ubatizo.” Wenye kazi hii wana ngazi za maneno, na ni lazima kuziheshimu. Kusema ni ya Pilipili ni jambo moja. Kusema inadhaniwa ni yake, kusema imetoka karakana yake, kusema imepakwa kwa mtindo wake, kila moja ni jambo tofauti, na bei yake ni tofauti. Mnunuzi hapendi ngazi hizo, anataka ndiyo au hapana. Mimi nilimwambia mama asiuze kwanza. Alinitazama kwa muda. Ana karo za watoto za kulipa, na mimi nilikuwa namwomba awe na subira kwa ajili ya daftari langu. Hilo sijalisahau.

Kabla sijaendelea, lipo swali la vijana wa chuo: tunawezaje kuongelea picha ya asili, nao wachoraji wetu wa mjini walirudia picha ileile mara nyingi? Ni swali zuri. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi wa Shaba zilikuwa na picha sebuleni zilizopakwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Walikuwa na neno kwa picha hizo: ukumbusho. Mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, alirudiwa pasipo hesabu. Askari akimchapa mfungwa wakati wa ukoloni, vivyo hivyo. Kila moja ilipakwa kwa mkono, na mwenye kuinunua hakujisikia amepewa nakala. Orodha ya kazi hizo haiwezi kufuata sheria za Paris. Inabidi iandike familia za picha, kila moja na ndugu zake.

Na kwa hizo tunao mfano bora. Kati ya 1973 na 1974 Tshibumba Kanda Matulu alipaka historia nzima ya nchi yetu kwa picha 101, na profesa Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, akakaa naye wakazizungumza moja moja, kinasa sauti kikiwa kimewashwa. Walizungumza Kiswahili, Kiswahili chetu cha Katanga. Mazungumzo hayo yalitoka katika kitabu mwaka 1996. Habari za Tshibumba zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuonekana tena. Lakini tunajua alichokusudia katika kila picha, kwa maneno yake. Seurat mwenyewe hakuacha ushahidi wa namna hiyo, alikufa akiwa na miaka 31 na barua chache. Nikiwaambia Kiswahili ni chombo cha kazi hii kama vile darubini, ndiyo maana yangu.

Sasa ile orodha ya pili.

Henry van de Velde, mwenzake van Rysselberghe katika Les XX, alipaka nukta kwa miaka michache kisha akaacha brashi akawa mbunifu wa vyombo na majengo. Mwaka 1897 alikuwa miongoni mwa waliopamba kumbi za maonyesho ya Kongo huko Tervuren, karibu na Brussels. Wakongo 267 waliletwa kuonyeshwa hapo kama wanyama wa bustani. Saba kati yao walifariki na makaburi yao yapo mpaka leo. Maonyesho yale ndiyo yaliyozaa jumba la makumbusho la Tervuren. Na ndani ya jumba hilo kuna mtu wa kwenu.

Wazee mnajua ninamsema nani. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms walikwenda milimani kwa chifu Lusinga lwa Ng’ombe wakamuua, wakamkata kichwa. Fuvu lilikwenda Brussels, likapimwa na madaktari. Pamoja nalo ilikwenda sanamu ya mti ya ukoo wake, mwanamume aliyesimama, uso umetulia, mwili umechorwa chale. Storms aliiweka nyumbani kwake. Katika miaka ya 1930 mjane wake aliikabidhi Tervuren pamoja na mkusanyo wote. Leo inahesabiwa kati ya kazi kuu za sanaa ya Watabwa. Allen Roberts, Mmarekani aliyeishi huku katika miaka ya 1970 na kuongea na wazee wengi, alisaidia kuandaa maonyesho ya sanaa ya Watabwa na kitabu chake mwaka 1985, na baadaye akaandika kitabu kizima juu ya Storms na Lusinga.

Someni nasaba ya sanamu hiyo katika madaftari ya zamani. Inaanza na jina la Storms. Kabla yake, kimya. Aliyeichonga hana jina, ijapokuwa mkono wake unatambulika kama mkono wa Pilipili unavyotambulika: angalia jinsi alivyopanga chale, alivyokata kope, alivyorudisha mabega nyuma. Fikirini uzito wa jambo hilo. Sanamu iliyochongwa ili kushika nasaba ya watu, ikiwekwa katika orodha, nasaba yake yenyewe inaanzia kwa aliyeinyang’anya. Kwa van Rysselberghe inajulikana hata barua aliyoiandika siku fulani ya wiki. Fundi wa milima hii hajulikani hata jina la kijiji.

Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu vya Kongo vilivyoko Tervuren, vipatavyo 84,000. Wengi walishangilia, nami nilifurahi. Orodha ile ni ya wale waliopokea vitu. Upande wa waliotoa bado haujaandikwa, na hauwezi kuandikwa Brussels. Nani alikuwa mchongaji wa Lusinga, alifunzwa na nani, alilipwa nini, wapo wazee katika chumba hiki ambao babu zao walisikia. Hata jina moja, hata la ukoo tu, hata kwa maneno “inasemekana,” lingewekwa juu ya jina la Storms, mahali pake.

Nimeongea muda mrefu na jua linashuka upande wa milima. Hapa mezani kuna daftari tupu na kalamu tatu. Kuna nakala ya sanamu ya Lusinga, mbele, nyuma na ubavuni, ili wanaojua uchongaji waitazame chale. Na kuna ile foto ya ubatizo, ambayo mama wa Kalemie ameniazima kwa siku kumi. Sikuwaambia jambo moja. Nyuma yake imeandikwa kwa kalamu ya risasi: Mpala, Pasaka 1974. Mtoto alibatizwa hapa, katika kanisa la kijiji, na ukuta ule wenye picha ya samaki uko au ulikuwa katika nyumba mojawapo ya kijiji hiki. Baba wa reli alikuwa na dada yake huku, na inaonekana picha ilikaa kwake.

Watu sita katika foto wametambuliwa. Wa saba ni yule mwanamume aliyesimama pembeni, chini ya picha, amevaa shati la mikono mifupi na ameshika kofia. Mama hamjui. Anayetazama vizuri ataona kwamba yeye peke yake haitazami kamera. Amegeuza kichwa, anatazama ukutani. Naomba wale waliokuwa watu wazima mwaka 1974 waje mbele kwanza. Tutaipitisha kwa mkono, polepole, na tafadhali mwe na vidole vikavu.